Betri ya Naibu Hushuka Ijumaa

Mimi ndiye niliyeirudisha ile betri. Nianze na hilo, kwa sababu hapa kwetu tayari kuna hadithi zingine. Wapo wanaosema Naibu mwenyewe alijisahau. Wapo wanaosema gari lilijiwasha kwa nguvu za marehemu, na huyo marehemu alikuwa ajuza muuza simsim ambaye hata kiberiti kilikuwa kinamshinda. Wote wamekosea. Ni mimi, mikono miwili, spana namba kumi, na nilikuwa nacheka peke yangu kama fisi. Niliona nimebuni mzaha ambao ungesimuliwa hadi Navakholo. Na kweli umesimuliwa. Ila sijasikia anayecheka.

Naibu ni jirani yetu. Kati ya boma letu na lake kuna ua wa michongoma wenye tundu moja, na tundu hilo nimelitumia tangu nikiwa na kimo cha mbuzi. Anaitwa Naibu kwa kuwa alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi ya hapa chini, miaka nenda miaka rudi. Walimu wakuu walikuja, wakapandishwa vyeo, wakahamishwa, mmoja akaondoka na ng'ombe wa shule. Yeye akabaki palepale, naibu. Alistaafu akiwa naibu. Kanisani ni naibu wa mzee wa kanisa. Kwenye kikundi cha kisima ni naibu wa katibu. Siku moja nilimuuliza kama mbinguni pia atakuwa naibu wa Petro. Hakukasirika. Alisema, "Kazi ya naibu ni kujua funguo ziko wapi. Petro akisinzia, utanitafuta."

Huyo mzee ana gari. Ni stesheni wagoni kuukuu ya rangi ya chai ya maziwa mengi, yenye mgongo mrefu. Ukilaza viti vya nyuma, jeneza linaingia kama droo ndani ya kabati. Nadhani ndiko shida zote zilikoanzia, kwenye huo mgongo. Angenunua gari fupi, maisha yake yangekuwa mengine.

Maana hapa kwetu ukiwa na gari, gari si lako. Ni la mama anayeshikwa na uchungu, ni la mgonjwa, ni la wanaopeleka mahari, na kuliko wote ni la maiti. Ijumaa maiti hutolewa mochari mjini Kakamega na kurudishwa nyumbani, Jumamosi huzikwa, na sijui wiki ambayo hakuna. Ijumaa zetu ni siku zilizochoka. Utaona viti vya plastiki vikipita kwenye mkokoteni, hema limekunjwa juu ya bodaboda kama mgonjwa wa mgongo, spika za mlima huu zikijibizana na spika za mlima ule, kila upande ukilia kwa sauti yake. Wanawake wanatoka matanga haya wanaingia yale bila kubadilisha leso kichwani. Mama yangu ana viatu vya matangani tu, vimeisha visigino.

Kwa miaka mingi Naibu ndiye aliyewarudisha watu nyumbani. Wazee, watoto, mwalimu mkuu wa zamani (si yule wa ng'ombe), kijana aliyepigwa na radi akiwa chini ya paa la choo. Akiulizwa, alikwenda. Kisha mke wake akafa. Nilikuwa darasa la tano wakati huo, na ninachokumbuka ni kwamba kulikuwa na wali na kwamba nilikula mara mbili. Baada ya mazishi hayo, Naibu hakubeba maiti tena.

Sasa, kukataa si rahisi. Mtu akiombwa kumrudisha marehemu kwao, na uwezo anao, akasema hapana, huyo hata kuku wake hawatanunuliwa. Na kusingizia pia hakukuwezekana, kwa sababu Naibu hajui kudanganya. Simaanishi ati anakataa kudanganya. Hajui, kama vile mimi nisivyojua aljebra. Ukimpigia simu ukimwambia tunakungoja, hatakwambia yuko njiani. Atakwambia, "Bado niko nyumbani, navaa soksi." Kenya hii! Aliwachapa watu wengi sana kwa ajili ya uwongo, baba yangu akiwemo, na nadhani fimbo zile zilimrudia mwenyewe zikamkausha ulimi upande huo.

Basi akatafuta njia ya kufanya iwe kweli.

Kila Ijumaa mchana alilivua gari. Jiwe kwanza, nyuma ya gurudumu. Halafu boneti juu. Halafu betri, ambayo aliishusha kwa heshima kama anayemshusha mtoto mgongoni, akaiweka juu ya gunia mbele ya mlango wa jikoni, mahali ambapo yeyote anayeingia getini angeiona kabla ya kuona kitu kingine. Terminali, vile vichwa vya kufungia nyaya, alizimwagia maji moto yenye magadi, zikachemka povu la kijani, akazisugua kwa mswaki wa zamani. Baadaye plagi za injini, moja moja, anazikwangua, anazipuliza, anazipanga. Jumamosi nzima gari lilikaa mdomo wazi kama kiboko aliyesahau alichotaka kusema. Jumapili alfajiri alirudisha kila kitu, akalipeleka kanisani, akalirudisha. Jumatatu hadi Alhamisi lilikwenda sokoni na hospitalini bila kukohoa.

Na kila Ijumaa alikuja Mwenyekiti. Huyu ni mama mmoja mpana, mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya hapa kwetu, mwenye sauti ya kuongea na watu walio ng'ambo ya mto. Mazungumzo yao nayajua kama sala.

"Mulembe, Naibu."

"Mulembe muno, Mwenyekiti."

"Tuna mtu wetu kule mochari. Nimekuja kukuuliza gari."

"Gari ndiyo hiyo unaona."

Mwenyekiti anaitazama betri. Anaitazama kweli, kama daktari. "Wooi. Iko kwa matengenezo."

"Iko kwa matengenezo."

"Haya. Basi tutaona vile tutafanya. Ubaki salama, Mwalimu." Halafu anakunywa chai, anaondoka, na wanakodi pikapu kama kila wiki.

Miaka yote hiyo niliona mchezo huu na nikafikia uamuzi wa kisayansi kwamba Naibu ni mchoyo. Tena mchoyo mwerevu. Nilikuwa na ushahidi. Kiti cha mbele cha abiria kimefunikwa leso ya maua ya zambarau, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Hata gunia la mahindi huenda nyuma. Siku moja nilijaribu kuketi hapo, akaniambia bila hata kuniangalia, "Hapo pana mtu." Nikageuza shingo kutafuta mtu. Nilidhani ni ule utani wa wazee, usio na mwisho wa kucheka.

Nilikuwa kwake kila Ijumaa kwa sababu ya chura. Nilimweka chura kwenye sanduku la chaki darasani, mwalimu wa kemia akapanda juu ya meza, na Mama akaamua kwamba saa ambazo sina la kufanya ni hatari kwa taifa. Akanipitisha kwenye lile tundu la ua. "Mwalimu, nakuletea huyu. Mchoshe." Lakini Naibu hakuwahi kunichosha. Alinipa kazi ya kushika tochi, hata mchana. Aliniambia, "Wewe ungekuwa plagi, ungewaka bila petroli." Nilipokaza nati kwa nguvu alisema, "Nati haijakukosea." Nilipouliza kwa nini anatengeneza gari ambalo halijaharibika, alisema gari halichakai kwa kwenda, huchakaa kwa kusahauliwa, kisha akavuta pumzi ndefu, ya mtu anayepanda mlima akiwa ameketi.

Pumzi hizo ndizo nazikumbuka kuliko maneno. Kati ya plagi na plagi alipumzika kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, macho kwenye msitu kule mbali ambako mvua ya alasiri hujikusanya kabla ya kutujia. Naibu alikuwa mtu mkali aliyelia akikata vitunguu na hata asipokata. Aliwakemea kuku kwa Kiingereza. Hakupenda kelele, lakini aliimba nyimbo za kanisa kwa kuvuma, tena sauti ya tatu peke yake, ile inayosikika ovyo bila zile zingine. Ukimsikiliza ungedhani anangoja wenzake waingie.

Ijumaa yenyewe sasa. Nimeizungusha vya kutosha.

Betri ilikuwa tayari chini. Plagi zilikuwa bado ndani. Naibu akasema anaenda chooni, na mzee akienda chooni huenda kama anayehamia. Nikaona juu ya ua kitambaa cha kichwa cha Mwenyekiti kikija taratibu kando ya njia. Na hapo shetani akanitekenya. Nikainua betri, nikaiketisha mahali pake, nikakaza terminali zote mbili, nikashusha boneti. Funguo hukaa kwenye gari. Naibu anazo za kila kitu na haogopi kuibiwa, kwa kuwa aliwafunza wezi wote. Mwenyekiti alipoingiza mguu getini, nikazungusha.

Liliwaka mara moja. Aki, halikusita hata kidogo. Lilinguruma laini kama paka aliyeshiba, kwa sababu hakuna gari Kakamega nzima linalotunzwa vile. Uzuri wa kazi yake ndio uliomsaliti.

Nilikuwa nyuma ya usukani, meno nje, nikingoja kicheko. Mwenyekiti alisimama. Hakucheka. Naibu akatokea nyuma ya nyumba akifunga mshipi, akasimama pia. Wakaangaliana juu ya boneti iliyofungwa, na sijawahi kuona watu wazima wawili wakiogopa namna ile.

"Mulembe, Naibu," akasema Mwenyekiti, polepole.

"Mulembe muno."

"Nilikuwa tu… napita."

"Uko na mtu mochari?"

"Niko naye. Yule mama wa simsim." Akaitazama boneti. "Lakini hii gari yako, naona iko kwa matengenezo."

"Inawaka," akasema Naibu.

"Inawaka, ndiyo, lakini pengine breki."

"Breki nilifanya wiki iliyopita."

"Ama petroli imeisha."

"Iko nusu."

"Naibu. Magurudumu?"

"Mazuri."

Mwenyekiti alikuwa anampa uwongo mmoja mmoja, kama mtu anayemnyoshea taulo mwenzake aliyelowa, na yeye anarudisha kila moja. Sauti ile ya kuvuka mto ilikuwa imebaki ya kunong'ona. "Mwalimu, tumeshaongea na yule wa pikapu. Hakuna kitu imeharibika. Mimi sijakuuliza."

"Umeingia getini, Mwenyekiti. Umeniuliza." Akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshazima gari lakini mkono ulikuwa bado kwenye ufunguo. Nilitegemea kofi, na ningelipokea kwa shukrani. "Wewe uliyewasha," alisema, "sogea. Keti pale."

Pale alipoonyesha palikuwa kwenye leso. Aliichukua mwenyewe, akaikunja mara mbili, akaniwekea mapajani.

Tulikwenda mjini. Mochari wanawake wa ukoo waliimba, vijana wakasukuma jeneza, likaingia kama nilivyosema, kama droo. Kwa kawaida huketi mtu wa nyumba yao hapo mbele, lakini Naibu alisema huyu hapa anatosha, na hakuna anayebishana na mtu aliyewahi kumchapa. Wengine wakapanda pikapu nyuma yetu. Tukaondoka.

Na hapo nikajua kazi ambayo sikuwahi kuiona, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa wali. Mtu akirudishwa kwao huambiwa njia. Anayeendesha ndiye husema, asije marehemu akabaki kwenye kona fulani akizunguka bila kujua upande. Naibu alianza tulipotoka tu, kwa sauti ileile ya kusoma majina ya wanafunzi:

"Mama, tumetoka hospitalini. Tunakwenda nyumbani… Mama, hapa tunaacha lami. Kuna mashimo, utuvumilie… Mama, hii ni shule. Watoto wametoka… Mama, hapa ni kwa posho mill."

Mvua ilikuwa imeanza, ile yetu ya matone makubwa. Wipa ziliimba. Magari ya miwa yalikuwa yameikwangua ile barabara ya udongo wa murram ikawa kama mbavu za punda, na Naibu alikwenda polepole kiasi kwamba mtu wa baiskeli alitupita, akavua kofia, akaendelea. Tukafika darajani. Pale kabla ya daraja alisimamisha gari.

Nikangoja aseme. Hakusema. Nikamtazama. Mikono ilikuwa kwenye usukani kama imekazwa na nati.

"Naibu?"

"Wangu nilimleta mwenyewe," akasema. "Hakukuwa na gari lingine. Nilimwambia kila kona mpaka hapa. Hapa sauti ikakatika. Nikaendesha hadi nyumbani nikiwa kimya." Pikapu nyuma yetu ilikuwa imesimama pia, wanawake wakaacha kuimba. "Sikummalizia njia. Sasa sijui kama alifika."

Mimi ni mtu wa maneno. Shuleni nina maneno kwa kila tukio, hata yale yanayohitaji kimya. Nilitafuta mzaha, walahi, kwa mazoea tu, kama mtu anayepapasa mfuko akijua hauna kitu. Nikaona leso mapajani. Basi nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba ajabu.

"Nyanya," nikasema kwa yule wa nyuma. "Tuko darajani. Hapa ndipo ulipokuwa ukikaa na sinia lako, ukaninyima nyongeza ya simsim. Nimekusamehe. Tunavuka." Nikasita. "Na wewe Mama Mwalimu, kama bado uko hapa, panda. Kuna nafasi. Tunaelekea nyumbani."

Mabega ya Naibu yalitikisika. Sijui kama alicheka au alilia, na sikumtazama vizuri ili nijue. Baada ya muda akaweka gia, gari likavuka.

Nikaendelea kusema hadi mwisho. Mpando wa mikaratusi, duka lililofungwa, kanisa, njia panda yenye kibao kilichoanguka. Nilimwambia Nyanya na nikamwambia yule mwingine pia, maana njia ni moja. Kwenye njia panda yetu nikasema, "Mama Mwalimu, wewe kwako ni mkono wa kushoto, unakujua. Ua wako wa michongoma bado uko. Sisi tunapita kidogo na mgeni." Pale njia panda Naibu alipunguza mwendo, akasimama kabisa, kama vile mtu anavyosimama abiria ashuke. Kisha akaendelea.

Tulirudi tukiwa tumelowa, maana gari lilikwama karibu na nyumba ya msiba na tulilisukuma. Naibu alizima injini uani kwake, akabaki ameketi. Gari lilikuwa na tope hadi madirishani. Sijawahi kuliona hivyo.

"Naibu, nilioshe?"

"Liache."

"Naibu, mimi…"

"Najua," akasema. Alivua miwani, akafumba macho. Bila miwani alionekana kama mtu ambaye amebeba kitu kwa muda mrefu, akakitua, na sasa hajui mikono aiweke wapi. "Wiki ijayo watakuja tena, kijana. Wameona linakwenda. Watakuja, na mimi nimechoka. Nimechoka sana." Alisema hivyo bila ukali wowote, kama anayetaja hali ya hewa. Nilitandaza leso kwenye kiti, nikainyosha pembe, nikapita kwenye tundu la ua.

Mama alikuwa jikoni akichambua mrenda. Habari ilikuwa imenitangulia; Mwenyekiti alikuwa ameketi hapo na kikombe mkononi, akainuka nilipoingia, akanipita bila kunisalimu, kisha akarudi akanigusa kichwa, kisha akaenda. Nilisimama mlangoni nikidondosha maji. Nikamwambia Mama yote, kuanzia chooni hadi njia panda. Nikamwambia kwamba sikujua. Nikamuuliza kama wao walijua muda wote huo, yeye na Mwenyekiti na kila mtu, kwamba gari ni zima.

Mama aliendelea kuchambua. Alitupa mabua mlangoni, kuku wakakimbilia, wakaona ni mabua, wakarudi. Hakuinua hata mwiko. Alipoongea, aliongea na mboga.

"Ijumaa ijayo ukitoka shule, usivue hata hiyo yunifomu. Pitia kwa Mwalimu, umtolee ile betri. Na uiweke mahali Mwenyekiti ataiona."